Mikutano ya Taaluma za Korea na Asia: Nani Hukaribishwa, Nani Huachwa Mlangoni?

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo hunijia kila ninapofuatilia habari za mikutano mikubwa ya wataalamu wa mambo ya Asia, na hasa ya Korea, ambayo hufanyika leo Ulaya, kesho Marekani, kesho kutwa Asia kwenyewe.

Najua yuko msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi atakayeuliza: "Haya yatuhusu nini sisi? Maprofesa wakutane, wasomeane karatasi zao, wale, wapige picha, wapande ndege warudi makwao. Sisi twapata nini?"

Swali hilo ni la haki, wala sitaki kulikwepa. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba mikutano hii si mchezo wa wasomi tu. Humo ndimo inamoamuliwa ni nani atakayesimulia habari za watu fulani, kwa lugha gani, na kwa fedha za nani. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni mlango. Tutazame nani hukaribishwa, nani huzuiwa, na yule aliyeingia hutoka na nini mkononi.

UJIRANI WA KALE

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Asia si habari ya kusikia kwa mtu wa pwani. Pepo za kaskazi na kusi zilileta na kurudisha majahazi karne nyingi kabla ya kuwako pasipoti. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa Gede, Pate na Manda, na bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya wazee wetu. Mwaka 1415 mji wa Malindi ulipeleka wajumbe hadi Uchina, na twiga pamoja nao.

Habari za Korea hazijulikani sana kwetu, lakini nazo zipo. Ibn Khurdadhbih, mwanajiografia aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 9, aliitaja nchi ya Shila, yaani Silla, ufalme uliotawala Korea zama hizo. Nayo tarehe rasmi ya ufalme uliofuata, ule wa Goryeo, yaeleza kwamba mwaka 1024 Waarabu wapatao 100 walifika huko wakiwa na zawadi kwa mfalme.

La kustaajabisha zaidi ni ramani. Mwaka 1402 wataalamu wa Korea walichora ramani ya dunia ijulikanayo kwa jina la Gangnido. Nakala yake ya kale imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Ryukoku, mjini Kyoto, Japani. Humo Afrika imechorwa ikiwa imechongoka kuelekea kusini, imezungukwa na bahari, na katikati yake pana ziwa kubwa.

Wakorea walipata wapi habari hizo? Walizipata kwenye ramani za Uchina, na wachoraji wa Uchina walikuwa wamezipata kwa wanazuoni wa Kiislamu katika zama za utawala wa Wamongoli. Vasco da Gama, ambaye alifika Mombasa mwaka 1498, alikuwa bado hajazaliwa.

Basi Mkorea aliichora Afrika kabla Mreno hajatia nanga Mombasa. Ni baadaye sana ndipo tulipofundishwa kwamba mtu wa Asia na mtu wa Afrika hawawezi kujuana mpaka Ulaya iwajulishe.

CHANZO CHA MIKUTANO

Mikutano ya namna hii haikuanzia Asia. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wale walioitwa "wataalamu wa Mashariki" ulifanyika Paris mwaka 1873. Wakati huo Uholanzi ilikuwa inatawala Indonesia, Uingereza inatawala India, na Ufaransa imekwisha kuishika Algeria na sehemu ya Vietnam. Aliyesoma alikuwa mtawala, na aliyesomwa alikuwa mtawaliwa.

Ilichukua miaka 100 kamili kubadilisha jina. Mwaka 1973, papo hapo Paris, wajumbe waliamua kuliacha jina hilo la wataalamu wa Mashariki. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, Edward Said, profesa Mpalestina aliyezaliwa Jerusalem, alitoa kitabu chake Orientalism, akaeleza jinsi elimu hiyo ilivyokuwa mkono wa kushoto wa ukoloni.

Marekani nayo ilikuja kwa njia yake. Chama kikubwa cha huko cha wataalamu wa Asia, Association for Asian Studies, kilitokana na jarida lililoanzishwa mwaka 1941, na kikachukua jina lake la sasa mwaka 1956. Warusi waliporusha chombo cha Sputnik mwaka 1957, serikali ya Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kutoa fedha za kufundishia, pamoja na mambo mengine, lugha za nchi za nje. Fedha hizo hazikutolewa kwa mapenzi ya mashairi ya Kichina. Zilitolewa kwa ajili ya ulinzi.

Lakini elimu ina tabia yake. Ukimfundisha mtu lugha ya jirani, huwezi kumwamuru asisikie kilio cha jirani huyo. Mwaka 1968, wakati vita vya Vietnam vimepamba moto, wasomi vijana wa Marekani walioisomea Asia waliunda kamati yao ya kuvipinga vita hivyo, na kuwalaumu wakubwa wao kwa kunyamaza. Hapo mkutano wa elimu uligeuka kuwa uwanja wa dhamiri.

KAMUSI ILIYOKAMATWA

Sasa tuje Korea yenyewe. Ili msomaji afahamu kwa nini Wakorea wanatumia fedha nyingi kwa mikutano ya elimu yao, yafaa ajue yaliyowapata.

Japani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hadi 1945. Katika miaka ya mwisho ya utawala huo Kikorea kilifukuzwa shuleni, na watu wakalazimishwa kuchukua majina ya Kijapani. Kikundi cha wapenzi wa lugha kilikuwa kikiandika kamusi kubwa ya Kikorea. Mwaka 1942 polisi walianza kuwakamata wanachama wake, wakachukua karatasi zote za kamusi kuwa ushahidi wa uhaini. Wawili kati yao walifia gerezani.

Vita vilipokwisha, Septemba 1945, karatasi zile zilipatikana ndani ya ghala kwenye stesheni ya reli ya Seoul. Kitabu cha kwanza cha kamusi hiyo kilipigwa chapa mwaka 1947, na cha sita na cha mwisho mwaka 1957, baada ya vita vingine vilivyoigawa nchi mapande mawili. Watu wanaoijua thamani ya kamusi kwa gharama hiyo hawawezi kufanya mzaha na lugha yao.

Kuna na habari ya vitabu vya kifalme. Mwaka 1866 jeshi la majini la Ufaransa lilishambulia kisiwa cha Ganghwa na kuchukua vitabu vilivyoeleza sherehe za ufalme wa Korea, namna zilivyopangwa na kuendeshwa. Vilikaa Paris zaidi ya miaka 100, hata mwaka 1975 mwanamke wa Kikorea, Park Byeong-seon, aliyekuwa akifanya kazi katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, akavigundua. Alidai na wenzake wakadai. Mwaka 2011 vitabu 297 vilirudi Seoul, lakini kwa jina la mkopo unaofanywa upya kila miaka mitano. Mwenye mali amekopeshwa mali yake!

Mtu wa pwani akisikia hayo hana budi kukumbuka maandiko ya tenzi zetu, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mikono ya wazee wa Lamu, Pate na Mombasa, ambayo mengi yamo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mengine yaliuzwa, mengine yalitolewa zawadi, na mengine yalinakiliwa kwa nia njema ili yasipotee. Hata hivyo, mtoto wa Lamu atakaye kuyashika kwa mkono wake hulazimika kuvuka bahari.

Baada ya hayo Wakorea walifanya nini? Hawakukaa kulia. Mwaka 1977 wataalamu wa Ulaya walipounda chama chao cha taaluma za Korea, Korea ya Kusini nayo ilikuwa inajiandaa. Mwaka 1978 serikali yake ilifungua taasisi kubwa ya utafiti, ambayo leo huitwa Academy of Korean Studies, karibu na Seoul. Mwaka 1991 ikaanzisha Korea Foundation, shirika ambalo sisi tungelifananisha na wakfu wa elimu, maana kazi yake moja ni kugharimia wasomi na vyuo vya ng'ambo vinavyofundisha mambo ya Korea.

Matokeo yake yanaonekana. Zamani mtaalamu wa Korea alihesabiwa kuwa ni tawi la mtaalamu wa Uchina au Japani. Leo Korea ina kiti chake, wasomi wake na mikutano yake. Kadhalika muziki, sinema na riwaya zake zimeenea ulimwenguni. Mwaka 2024 mwandishi wake, Han Kang, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi.

MKENYA MKUTANONI TOKYO

Hata hivyo, fedha za serikali zina masharti yake. Mkono utoao huwa juu, na ulio juu huweza pia kuziba mdomo. Turudi nyuma kidogo hadi mwaka 1976.

Korea ya Kusini ilikuwa chini ya Jenerali Park Chung-hee, na magereza yalijaa wanafunzi, mapadri na waandishi. Mmoja wao alikuwa mshairi Kim Chi-ha. Mwaka 1970 alitoa shairi refu la kejeli juu ya wanyang'anyi watano wa nchi yake: tajiri wa makampuni, mbunge, ofisa mkubwa wa serikali, jenerali na waziri. Kwa shairi hilo alikamatwa, na mwaka 1974, katika kesi nyingine, alihukumiwa kufa. Hukumu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Agosti 1976 ulifanyika mkutano wa kimataifa juu ya hali ya Korea. Haukufanyika Seoul, kwani Seoul haingewezekana. Ulifanyika Tokyo. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwako Mkenya mmoja, Ngũgĩ wa Thiong'o. Alisimama akazungumza juu ya mateso ya Wakorea, na maneno yake yamo katika kitabu chake Writers in Politics cha mwaka 1981.

Alitoka mkutanoni na nini? Alitoka na Kim Chi-ha. Mwisho wa mwaka 1977 Ngũgĩ mwenyewe alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, na humo gerezani Kamiti akaandika, juu ya karatasi za chooni, riwaya ya karamu ya wezi na wanyang'anyi wanaoshindana kujigamba. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1980, na Waswahili waliisoma kwa jina la Shetani Msalabani. Ngũgĩ hakuficha kwamba alijifunza kwa yule mshairi wa Korea.

Mwaka 2016, miaka 40 baada ya mkutano ule wa Tokyo, Wakorea walimpa Ngũgĩ Tuzo ya Park Kyong-ni, iliyopewa jina la mwandishi wao mkubwa wa kike. Ngũgĩ amefariki mwaka 2025, lakini safari hiyo imebaki kuwa ushahidi. Mkutano mmoja usio na fahari wala zulia jekundu ulizaa kitabu, na kitabu hicho kikazirudishia nchi mbili undugu ambao hakuna balozi aliyeutia sahihi.

Ndiyo maana nasema kipimo cha mkutano si ukubwa wa ukumbi. Ni kile anachokwenda nacho nyumbani yule aliyehudhuria.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Tangu mwaka 2014 chama kile cha Marekani nilichokitaja kimekuwa kikifanya mikutano yake mingine Asia kwenyewe, na ule wa kwanza ulikuwa Singapore. Hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini kupeleka mkutano Asia si sawa na kuifungulia Asia mlango.

Julai 2018 mkutano huo ulifanyika New Delhi, India. Kabla ya siku kufika, serikali ya India ilitoa amri kwamba raia wa Pakistani, na hata watu wenye asili ya Pakistani walio raia wa nchi nyingine, wasihudhurie. Wataalamu wengi walilalamika, wengine wakasusia. Mkutano uliendelea.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu wamekutana kuzungumzia Asia ya Kusini, na jirani wa ukuta kwa ukuta amezuiwa asiingie, si kwa sababu ya alichoandika bali kwa sababu ya alikozaliwa yeye au baba yake. Hapo yale yaliyosomwa ukumbini yana upungufu hata yakiwa mazuri namna gani.

Wala India si peke yake. Januari 2017 Marekani ilitoa amri ya kuwazuia watu wa nchi saba zenye Waislamu wengi, na majirani zetu wa Somalia walikuwa miongoni mwao. Miezi miwili baadaye wataalamu wa Asia walikuwa na mkutano wao mkubwa wa mwaka, uliofanyika Toronto, Kanada. Msomi wa Iran au Yemen aliyekuwa akisoma Marekani alikuwa na sababu ya kuogopa: akitoka kwenda kusoma karatasi yake, je, atarudi?

Viza, basi, imekuwa mwenyekiti asiyetajwa wa mikutano hii. Ndiyo huamua nani aseme kabla mwenyekiti wa ukumbini hajagonga meza.

MSIKITI WA DAEGU

Lakini mfano ulionigusa zaidi ni wa Korea yenyewe, katika mji wa Daegu. Huko kuna chuo kikuu cha serikali kiitwacho Kyungpook. Wanafunzi Waislamu wa hapo, wengi wao Wapakistani wanaosomea shahada za juu za sayansi na uhandisi, walikuwa wakiswali katika nyumba moja karibu na lango la chuo. Nyumba ikawa ndogo, wakachanga fedha, wakaomba ruhusa ya kujenga msikiti mahali hapo hapo. Mwaka 2020 walipewa ruhusa.

Februari 2021, baada ya wakazi wa mtaa kupeleka malalamiko, ofisi ya wilaya ilisimamisha ujenzi. Wakazi walisema mtaa ni mwembamba, kutakuwa na msongamano na kelele. Hayo ni malalamiko ambayo jirani yeyote aweza kuwa nayo, na yafaa kusikilizwa. Wanafunzi hawakufanya fujo. Walikwenda mahakamani na wakashinda, na Septemba 2022 Mahakama ya Juu ya Korea ikathibitisha ushindi wao.

Baada ya hukumu ndipo mambo yalipoharibika. Vichwa vya nguruwe viliwekwa karibu na kiwanja, na Desemba 2022 wapinzani walifanya karamu ya kuchoma nyama ya nguruwe mbele yake. Machi 2023 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea ilitoa tamko na kuyaita mambo hayo chuki. Ujenzi uliendelea kukwama hata baada ya hapo.

Sasa sikiliza. Juni 2023 mkutano wa wataalamu wa Asia ulifanyika mji huo huo wa Daegu, kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Kyungpook. Wageni walitoka pande zote za dunia kuja kuzungumza juu ya Asia, na nje ya lango la mwenyeji wao kulikuwa na Waasia vijana, wasomi kama wao, ambao walikuwa hawajapata amani ya kumjengea Mola wao nyumba.

Sisemi haya ili kuwachafua Wakorea. Ingekuwa dhulma. Wako maprofesa na wananchi wa Daegu waliosimama na wanafunzi wale waziwazi. Isitoshe, ni serikali ya Korea iliyotoa kiwanja cha Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976 kwa msaada wa nchi za Kiislamu. Kweli ni kwamba siku hizo makampuni ya Korea yalikuwa yakitafuta mafuta na kazi za ujenzi Arabuni, lakini msikiti upo, na adhana huadhiniwa.

Tena Uislamu si mgeni wa jana huko. Kulikuwa na Waislamu waliokaa Korea wakiwa na mavazi na ibada zao hadi mwaka 1427, amri ya mfalme ilipowataka waache na wawe kama watu wengine. Cha ajabu ni kwamba mfalme huyo, Sejong, ambaye Wakorea humheshimu kwa kuwatungia herufi zao, ndiye ambaye wanajimu wake, miaka ya 1440, walitengeneza hesabu za jua, mwezi na kupatwa kwake kwa kufuata elimu ya falaki ya Waislamu. Elimu yao ilikaribishwa barazani, na wao wenyewe wakaambiwa wavue kilemba.

Hilo ndilo jambo ninalotaka lishikwe. Ni rahisi kuipenda elimu ya mtu, ngoma yake na chakula chake. Ni vigumu zaidi kumpenda yeye mwenyewe akiwa jirani. Mkutano wa elimu wenye maana ni ule unaozikutanisha Asia ya ukumbini na Asia ya kichochoroni.

AFRIKA YAINGIA

Je, Afrika iko wapi katika haya? Kwa muda mrefu haikuwako kabisa. Mtaalamu wa Asia alidhaniwa kuwa lazima awe wa Asia, Ulaya au Marekani.

Mwaka 2012 wasomi walikutana Chisamba, Zambia, wakaweka msingi wa chama cha taaluma za Asia katika Afrika. Septemba 2015 ukafanyika mkutano mkubwa wa Afrika na Asia mjini Accra, Ghana. Wa pili ulifanyika Dar es Salaam, Septemba 2018, na wa tatu Dakar, Senegali, Juni 2025. Mkutano wa Dakar ulichanganya mijadala na tamasha, kama ilivyofanyika Surabaya, Indonesia, mwaka 2024 kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa Asia. Naona huo ni mtindo mzuri, kwani mtu wa kawaida asiyeweza kusikiliza karatasi ya saa nzima aweza kuona kazi ya mikono, kusikia muziki na kuuliza swali.

Kuna dosari moja. Mikutano hiyo imekuwa ikiandaliwa pamoja na taasisi ya taaluma za Asia iliyoko Leiden, Uholanzi. Taasisi hiyo imefanya kazi ya kusifiwa, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi. Lakini Mwafrika na Mwasia wakikutana kwa kupitia Uholanzi, basi lile somo la ramani ya 1402 bado hatujaliingiza akilini.

Wenzetu wamekwisha kuanza upande wao. Chuo Kikuu cha Hankuk cha lugha za kigeni, huko Korea, kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Beijing ilianza mapema zaidi, na Osaka, Japani, nako hufundishwa. Wako Wakorea, Wachina na Wajapani wanaosoma magazeti na vitabu vyetu bila mkalimani. Je, sisi tunao wangapi wa kusoma yao?

Hili si swali la fahari tu. Juni 2024 Korea ya Kusini iliwaita viongozi na wajumbe wa nchi 48 za Afrika, ikaahidi misaada ya dola bilioni 10 hadi mwaka 2030, na kukubaliana nao kuanzisha mazungumzo juu ya madini adimu yanayohitajiwa na viwanda vyake. Sisi wa pwani twajua kwamba mlima wa Mrima, kule Kwale, una madini ya namna hiyo. Siku Mkorea atakapokuja kuzungumza na wazee wa Kwale, atakuja na mtu aliyesoma Kiswahili chuoni. Wazee wetu watakwenda na nani aliyesoma Kikorea?

TUFANYE NINI

Mimi nina maoni matatu, na msomaji ana haki ya kuyapinga.

La kwanza ni lugha. Tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina, na vijana wetu huvutiwa na Kikorea kwa ajili ya nyimbo na sinema. Si vibaya kuanzia hapo. Hata wazee wetu walijifunza Kiarabu na Kihindi bandarini kabla ya kujifunza darasani. Lakini tusiishie kwenye kuimba na kuwatembeza watalii. Tunahitaji wachache watakaozisoma lugha hizo hadi kufikia kufasiri sheria, mikataba na tarehe.

La pili ni nyumba. Wakorea hawakungoja waalikwe. Walijenga taasisi yao, wakaweka wakfu wao, kisha wakaita wageni. Nasi tunajua wakfu ni nini. Tumeweka wakfu wa misikiti, visima na mashamba ya minazi tangu zama za mababu. Kwa nini pasiwe na wakfu wa maandiko, wa kuyahifadhi na kuyapiga chapa yale ambayo bado yamo masandukuni mwa nyumba za Lamu, Siyu na Mombasa? Pakiwa na nyumba hiyo, mtaalamu wa Seoul, Leiden au London atakuja kwetu, naye atazungumza Kiswahili akiwa kwetu.

La tatu ni mlango wenyewe. Siku tutakapoandaa mkutano wetu wa bahari hii ya Hindi, tusiwafanyie wengine tuliyofanyiwa. Mvuvi wa Kizingitini anayezijua nyota na mikondo ya maji asiachwe nje kwa kuwa hana shahada. Asiachwe nje mwanamke anayezihifadhi tenzi kwa moyo, wala mgeni kwa dini yake au pasipoti yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu hudhani usemi huu ni wa kumsifu mgeni tu. Mimi naona unamtaka mwenyeji akiri kwanza kwamba ana ugonjwa, na kwamba dawa yake huenda imo mkononi mwa yule anayebisha hodi. Mkutano uliowafungia Wapakistani nje ulijinyima dawa hiyo. Mkutano wa Tokyo wa mwaka 1976, uliokuwa na Mkenya mmoja asiyejua Kikorea, uliipata.

Basi tukisikia tena kwamba wataalamu wa Asia wanakutana mahali fulani, tusiulize tu wamesema nini ndani. Tuulize pia ni nani aliyebaki nje.